Mbuzi wa Shida

Mbande si mahali pa kukaa. Ni njia panda tu: barabara kuu itokayo Morogoro inaendelea zake magharibi hadi Dodoma, na nyingine inakata kushoto kwenda Kongwa na Mpwapwa. Basi husimama pale muda wa kutosha abiria kununua mahindi ya kuchoma na mayai ya kuchemsha, kisha huondoka na kukuachia vumbi, jua, na vijana wa bodaboda wanaokuita "mkubwa" wote kwa mpigo. Nilipokuwa nikipatana nauli, pikipiki moja ilinipita ikiwa na mama mmoja nyuma ya dereva, na mapajani mwa mama huyo beberu mweupe aliyefungwa miguu, kichwa juu, akitazama barabara kama abiria aliyelipa nauli kamili. Nikamuuliza kijana wangu yule mbuzi anapelekwa wapi.

"Hospitali," akajibu, wala hakucheka. Mjukuu wa yule mama alikuwa amelazwa. Beberu alikuwa anakwenda kuuzwa njiani, kwa yeyote atakayejitokeza, ili dawa zipatikane.

Mwenyeji wangu, mwalimu mstaafu wa shule ya msingi anayefuga mbuzi wa nyama kwenye ekari nne, alikuwa ameniambia kwenye simu jambo ambalo sikulielewa vizuri. Alisema kwao mbuzi hauzwi na mfugaji, anauzwa na shida. Ila yeye anajaribu kuinyang'anya shida kazi hiyo. Pale Mbande nikaanza kumwelewa. Sote tumezoea kusema mbuzi ni benki ya maskini, na ni kweli, lakini benki hii ina tabia moja mbaya: siku unayokwenda kutoa fedha, karani anakuangalia usoni kwanza ndipo anaamua akupe kiasi gani. Mwenye mgonjwa hajadili bei. Anayedaiwa ada Januari hajadili bei. Mbuzi anaondoka akiwa na kilo kumi na nane, au akiwa na mimba, au wakati wa kiangazi mbavu zikihesabika, na mnunuzi anajua kabisa kwa nini.

Barabara ya kwenda Kongwa inapita katika nchi iliyowahi kuwatoa wakubwa jasho bure. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilileta hapa mradi wa karanga, ili kukidhi njaa ya mafuta ya kula iliyoikumba nchi yao baada ya vita. Walileta matrekta, mengine yakiwa vifaru vya vita vilivyogeuzwa, wakang'oa miti, wakalima. Udongo ukawashinda: ukinyeshewa ni tope, ukikauka ni saruji, na karanga zilizokomaa humo hazing'oleki. Mvua nazo zikafanya ajizi. Mwaka 1951 mradi ukafungwa baada ya kumeza pauni milioni 36 hivi. Sehemu ya ardhi ile ikaja kuwa ranchi ya taifa ya ng'ombe, na miaka ya sitini Kongwa ikawahifadhi wapigania uhuru wa FRELIMO, ANC na SWAPO. Karanga, cha ajabu, hazijaondoka. Zinalimwa na akina mama kwenye vishamba vya robo ekari, kwa jembe la mkono, na majani yake makavu hufungwa mafungu na kutundikwa juu ya mti kwa ajili ya mbuzi. Nililiona fungu la kwanza kabla sijaiona nyumba ya Mwalimu.

"Mbukwenyi!" nikapiga hodi kwa neno pekee la Kigogo nililokuwa nalo.

Mwalimu akacheka hadi akaondoa miwani. "Shikamoo inatosha, mwanangu. Pita."

Basi nikapita, nikaamkia upya, na mkewe, ambaye kijiji kizima kinamwita Mama Mwalimu, akaja na maji ya kunawa. Chakula cha kwanza nilichokula kwa wafugaji hawa wa mbuzi kilikuwa kuku kwa ugali wa uwele na mlenda. Cha pili pia kuku. Baadaye niliambiwa kwamba huo ni msimamo wa nyumba, na kwamba ndugu wa upande wa Mwalimu wamewahi kuuitia kikao. Mtu ana mbuguma ishirini na mbili, beberu mmoja na kundi la vijana wanaonenepa, halafu shangazi anakuja kutoka Mpwapwa anachinjiwa jogoo! Mama Mwalimu hana wasiwasi na kikao hicho. "Mgeni anataka nyama," aliniambia. "Hajasema ya nani."

Banda lao limeinuliwa kutoka ardhini kufikia usawa wa kiuno. Sakafu ni ya fito zilizoachiana nafasi nyembamba, kinyesi kipite na kwato zisipite. Jambo hilo dogo lina faida kuliko mabati mapya, kwa sababu mbuzi anayelala juu ya mkojo wake huoza kwato na hukohoa, na mtoto wake hulala baridi. Chini ya sakafu kuna hazina nyingine: samadi inayokusanywa kila wiki na kujazwa magunia, ambayo baadhi huishia kwa wakulima wa zabibu wa upande wa Hombolo. Ndani banda limegawanywa. Mbuguma wanaonyonyesha wana chumba chao. Mabeberu waliohasiwa chao. Mbarika, yaani majike machanga ambayo hayajazaa, chao. Na dume la mbegu linalala peke yake nyuma ya komeo la chuma. Niliuliza kwa nini komeo. Mjukuu wao, kijana wa kidato cha tatu aliyekuwa likizo na ndiye mchungaji, akanionyesha komeo la zamani la mti, lililovunjika vipande viwili. Mbarika akipandwa kabla hajakomaa, mwili unashindwa kukua na kulea mimba kwa wakati mmoja. Anazaa kitoto dhaifu, yeye mwenyewe anabaki kibete maisha yake yote, na mfugaji amekula mtaji bila kujua.

Ilikuwa Mei, mvua zimekatika, majani bado yapo, na ndio wakati mbuzi wa Kongwa wana sura nzuri kuliko miezi mingine yote. Ndio wakati wa minyoo pia. Asubuhi, kabla kundi halijafunguliwa, Mwalimu alikaa kwenye kigoda mlangoni na mjukuu akawa anawapitisha mmoja mmoja. Nilisogea karibu. Anamshika mbuzi kidevu kwa mkono wa kushoto, anamgeuzia uso kwenye mwanga. Kwa dole gumba la mkono wa kulia anabonyeza kope ya juu taratibu, jicho likizama kidogo, na kwa kidole cha shahada anaivuta kope ya chini. Kwa muda wa kufumba na kufumbua utando wa ndani unajitokeza. Ukiwa mwekundu, mbuzi anaachiwa. Ukiwa wa waridi, anatazamwa tena wiki ijayo. Mbuguma mmoja wa madoa meusi alipofunuliwa, utando ulikuwa mweupe kabisa, na chini ya taya lake kulikuwa na uvimbe laini uliojaa maji. "Huyu ananyonywa," Mwalimu akasema. Ni kazi ya mnyoo mmoja anayekaa kwenye tumbo la nne la mbuzi na kunywa damu; wakiwa maelfu, mnyama anakauka akiwa amesimama, tena majani yakiwa mengi.

Njia hii ya kutazama kope ilitengenezwa Afrika Kusini, inaitwa FAMACHA, na ina kadi yake yenye rangi tano za kulinganishia. Mwalimu anayo. Aligawiwa kwenye semina, akaitoa ndani ya bahasha kunionyesha: nakala iliyotolewa kwa mashine ya nyeusi na nyeupe. Rangi zote tano ni kijivu. Ameitunza, anasema, kwa ajili ya wageni.

Yule wa madoa alipimwa kwanza kwenye mizani ya kuning'iniza, ileile inayopimia magunia ya alizeti, ndipo akapewa dawa kulingana na uzito. Wengine hawakupewa kitu. Hapo Mwalimu na majirani zake hawaelewani. Jirani hununua chupa na kuwanywesha wote siku moja, kila mmoja kwa kukadiria, na anaona amefanya kazi kubwa. Kumbe anawafundisha minyoo. Wanaonusurika na dozi pungufu ndio wanaozaa, na baada ya misimu kadhaa chupa ileile haiui tena. Kuwatibu walioshambuliwa tu kunaokoa fedha na kunaiwekea dawa akiba ya nguvu zake. Isitoshe, kunakuonyesha nani ni dhaifu mwaka hadi mwaka. Mbuguma wa madoa alikuwa mweupe mwaka jana pia. Jina lake likawekewa alama kwenye daftari, na sikuhitaji kuambiwa maana ya alama ile.

Kundi likafunguliwa. Tulilifuata hadi kwenye kichaka cha migunga kando ya korongo, na hapo nikakumbushwa kwamba mbuzi si kondoo mwenye kiburi. Wachache walishusha vichwa kwenye nyasi. Wengi walisimama kwa miguu ya nyuma, ya mbele wameiegemeza kwenye shina, midomo ikichagua kati ya miiba jani moja moja kwa ustadi ambao mimi, mwenye vidole kumi, sina. Minyoo ya damu hupanda majani ya nyasi karibu na ardhi, kwenye umande. Mbuzi anayekula usawa wa kifua cha mtu hakutani nayo sana. Kumlazimisha kulisha nyasi fupi ndani ya uzio mdogo ni kumtafutia ugonjwa kwa gharama yako mwenyewe. Agosti na Septemba migunga hudondosha maganda yenye mbegu, na mjukuu hulipwa kwa gunia kuyaokota. Hayo, na mabua ya mtama, na yale majani ya karanga, ndiyo yanayovusha kundi hadi Desemba. Pumba na mashudu ya alizeti wanapewa mabeberu waliohasiwa peke yao, tena miezi miwili ya mwisho tu. Mashudu ni ghali na Mwalimu hayamwagi ovyo.

Mbuzi amewahi kushitakiwa vibaya mkoani hapa. Mwaka 1973 ulianzishwa mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, na mwaka 1979 mifugo yote iliamriwa kuondoka katika maeneo yaliyomomonyoka ya Kondoa. Milima ile ilirudi kuwa kijani, hilo halina ubishi, na aliyeona makorongo ya zamani hawezi kuwalaumu walioamua. Mwalimu alikuwa kijana wakati huo, na anakumbuka ndugu wa mbali wakipita na mifugo kutafuta pa kuiweka. Msimamo wake ni kwamba shoka, jembe na moto vilikaa kizimbani na mbuzi, ila aliyehukumiwa ni mbuzi peke yake kwa kuwa hana wakili. Mimi nakubaliana naye nusu. Mbuzi mia juu ya kilima kitupu ni balaa, hata kama hawakukivua nguo wao. Ndiyo maana nilivutiwa na idadi ya mbuguma wake, ambayo haijaongezeka kwa muda mrefu. Akizaliwa mbarika mzuri, mbuguma mzee anaondoka.

Jioni tuliongea habari za mbegu, mada ambayo kwa wafugaji ni sawa na siasa. Kila anayepita maonyesho ya Nane Nane pale Nzuguni hurudi na ndoto ya Boer, yule mbuzi wa Afrika Kusini mwenye kichwa chekundu na mapaja ya ng'ombe, ambaye dume lake hupita kilo mia. Mbuzi wetu wa kienyeji akifika thelathini na tano amejitahidi. Hesabu inaonekana nyepesi. Jirani mmoja alinunua beberu chotara wa Boer kwa bei ya ndama. Oktoba ya kwanza alimkondea, ya pili hakuifikia.

Watafiti wa Tanzania walilifikiria jambo hili zamani. Tangu miaka ya sitini, wakianzia kituo cha Malya, Kwimba, na baadaye huku Mpwapwa na Kongwa, walichanganya damu tatu: asilimia 55 ya Kamorai kutoka Pakistani, mrefu na mwenye maziwa, asilimia 30 ya Boer, na asilimia 15 ya mbuzi wa kienyeji. Wakapata mbuzi anayeitwa Malya. Beberu wa Mwalimu ana damu hiyo, na ukimwona utaijua kwa masikio marefu yanayolegea. Nasema asilimia 15 ile ndogo ndiyo inayofanya kazi Oktoba, maji yakiwa mbali na kichaka kikiwa miiba mitupu. Beberu huyo atakaa miaka miwili, kisha atabadilishwa na wa kijiji cha pili, asije akawapanda binti zake.

Lakini Mwalimu hakutaka tuishie kwenye mbegu. Alichukua kijiti akaandika chini, akisahau kabisa kwamba amestaafu. Chukua watoto thelathini wanaozaliwa kwa mwaka. Wakifika sokoni wote na kilo ishirini na tano kila mmoja, una kilo mia saba na hamsini. Sasa wafe kumi. Ili urudi palepale, kila mmoja wa wale ishirini waliobaki lazima afike kilo thelathini na saba na nusu. "Boer gani huyo wa kunipa kilo kumi na mbili na nusu za ziada kwa kila kichwa," akauliza, "kwenye ardhi hii, bila mashudu?" Akafuta kwa soli ya kiatu. "Mbegu bora ya kwanza ni mtoto ambaye hajafa."

Na watoto wa mbuzi hawafi sokoni wala machungani, wanafia nyumbani, wiki za kwanza. Idara hiyo ni ya Mama Mwalimu. Kulikuwa na mbuguma aliyechelewa msimu, kazaa mapacha usiku uliotangulia, akamlamba wa kwanza na kumkataa wa pili. Kila yule wa pili aliposogea alipigwa pembe. Mama alimkalia mbuguma kwa miguu miwili, akamkaba shingo kwa magoti, akamwelekeza mdomoni kitoto ziwa la kushoto, na kabla hajaingiza chuchu akaikamua kwanza, maana mara nyingine huziba kwa nta na kitoto hunyonya hewa mpaka kichoke. Dang'a ikatoka, nzito na ya manjano. "Hana ubaya, amechanganyikiwa tu," akasema juu ya yule mzazi, huku akimpiga mgongoni. Mtoto wa mbuzi huzaliwa hana kinga yoyote mwilini. Kinga yote iko kwenye dang'a, na tumbo lake huipokea vizuri kwa saa chache za mwanzo. Asiponyonya asubuhi hiyo, ukimpa debe kesho umechelewa. Kitovu kilikuwa kimepakwa iodini. Mkia wa kitoto ulipoanza kutikisika chini ya mbuguma, Mama akanyamaza, akahesabu kimoyomoyo, kisha akamwachia mzazi pumzi kidogo. Aliniambia atarudia mara nne kwa siku mpaka mzazi akubali.

Magonjwa makubwa hayana ujanja wa aina hiyo, yana chanjo au hayana. Sotoka ya mbuzi na kondoo ilithibitishwa nchini mwaka 2008, upande wa kaskazini, na imeshatembea sana tangu hapo. Chanjo yake inakaa miaka mitatu na zaidi, na kwa maoni yangu mfugaji anayeikwepa ili kuokoa gharama ya soda moja anacheza bahati nasibu. Homa ya mapafu inataka chanjo kila mwaka. Lakini mwaka ambao Mwalimu hausahau ni 2007, homa ya Bonde la Ufa ilipoingia Dodoma baada ya mvua kubwa. Mbuzi walitupa mimba kundi zima kwa mpigo, watu wakafa, na nyama ikaogopwa. Yeye mwenyewe hakupoteza wengi. Alichopoteza ni mnunuzi. "Mwaka ule hata shida haikuweza kuuza," akasema, na ndipo, kwa mujibu wake, alipoanza kuandika daftari.

Ni daftari la kawaida la mistari, jalada limeshonwa kwa uzi. Kila mbuzi ana mstari: jina, mama, tarehe ya kuzaliwa, uzito wa kila mwezi, na safu ya mwisho iliyoandikwa "kuondoka". Safu hiyo hujazwa mapema, mbuzi akiachishwa ziwa. Vijidume vingi vimeandikiwa Idi ya kuchinja, na Mwalimu, Mwanglikana ambaye hajawahi kukosa ibada, anayajua masharti ya Idi hiyo kwa moyo: mbuzi awe ametimiza mwaka, asiwe chongo, asichechemee, asiwe mgonjwa wala gofu. Kwa hiyo hakati masikio kuweka alama, wala haruhusu vijidume vipigane pembe zikakatika. Anajua pia kwamba Idi hurudi nyuma kwa siku kumi na moja hivi kila mwaka, naye husogeza tarehe za kupandisha ili wanaofaa wawe tayari. Mimba ya mbuzi ni miezi mitano, hesabu inapigika. Waliozaliwa nje ya kalenda hiyo huandikiwa Desemba, au mnunuzi wa machinjio anayetafuta mbuzi wadogo. Nyama yetu ya mbuzi inakwenda kwa wingi nchi za Ghuba, Oman na Falme za Kiarabu zikiwemo, na huko mzoga mdogo wa mbuzi kijana si kasoro. Wanaoona haya na mbuzi wa kienyeji wangelifikiria hilo.

Katikati ya daftari niliona mistari miwili isiyo na tarehe. Jina la wa kwanza, Shida. La wa pili, Shida wa Pili.

"Hao si wangu," Mwalimu akaeleza. Ndugu akifiwa, mjukuu akiugua, kijana wa ukoo akikosa mbuzi mmoja wa mahari, anaondoka Shida. Akiondoka, mwingine anaandikwa mahali pake. Walio na tarehe hawaguswi. Niliuliza, na zikija shida tatu mwaka mmoja? Mama Mwalimu akamtazama mumewe kusubiri jibu. Mwalimu akasema hiyo ndiyo kazi ya kuku.

Jumamosi tulikwenda mnada wa Msalato, nje kidogo ya Dodoma kwenye barabara ya Kondoa, mabeberu sita waliohasiwa wakiwa nyuma ya gari dogo na kibali cha afisa mifugo kikiwa mfukoni. Idi ilikuwa karibu. Malori kutoka Dar es Salaam yalikuwa yamejipanga, vumbi limefunika jua, na upande wa pili moshi wa nyama iliyochomekwa vijitini kuzunguka moto ulikuwa umeshaanza kuita watu waliokuja bila nia ya kununua mnyama. Wanunuzi hawaulizi umri. Mmoja alimfungua beberu wetu mdomo kwa vidole viwili, akaona meno mawili makubwa yamechomoza mbele kati ya yale ya utotoni, akaridhika: mwaka umetimia. Kisha akambonyeza kiunoni, juu ya uti wa mgongo nyuma ya mbavu, ambako mafuta hayadanganyi.

Mnadani sikuona mizani, bei ilikadiriwa kwa macho. Hapo daftari ndipo lilipofanya kazi. Mnunuzi alisema laki na ishirini. Mwalimu akatazama ukurasa, akasema huyu ana kilo thelathini na nne za juzi asubuhi, na akataja laki na themanini. Wakakokotana bila haraka. Mwalimu hakuwa na mgonjwa, hakuwa na ada, na gari lilikuwa limelipwa kwenda na kurudi. Angeweza kuwarudisha wote sita na akaonyesha kwamba anaweza, akaanza kufungua kamba. Waliuzwa kwa laki na hamsini na tano kila mmoja.

Hatua chache kutoka kwetu kijana mmoja alikuwa ameshika mbarika wawili, wote wana mimba inayoonekana. Jike lenye mimba mnadani ni tangazo. Dalali alikuwa amemsimamia karibu sana, akiongea kwa sauti ya chini, akimpa elfu sitini kwa kila mmoja. Kijana alikuwa akitazama simu yake kila mara. Mwalimu aliwaangalia mbarika kwanza, si kijana: akashika kidevu, akageuzia mwanga, akabonyeza kope. Zote nyekundu. Akapapasa ziwa. Kisha akaongea na yule kijana kwa Kigogo kwa muda mfupi, akahesabu fedha zilezile alizokuwa amezipata punde, na mbarika wakapandishwa nyuma ya gari tulimowatoa wenzao.

Njiani nilimuuliza kama alimzidishia yule kijana bei ya dalali.

"Nilimzidishia."

"Kwa kiasi gani, Mwalimu?"

"Elfu tano," akasema. Baada ya kona akaongeza, "Kila mmoja." Kisha akaniomba nimpatie kalamu, maana yake ilikuwa imebaki Msalato, awaandike kabla hajasahau rangi zao.